Mzazi mwenye kiharusi wodini: yanayosemwa kando ya kitanda na ukweli wake

Katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Kulisha, kugeuza na kufuta mwili wa mgonjwa hubaki kwa ndugu, na ndugu huja na waliyoyasikia mtaani. Madhara mengi hapo hutokana na mapenzi, wala si uzembe.

"Siku mbili hajala! Mpeni walau maji."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kiharusi mara nyingi hulegeza misuli ya koo, hivyo kinachopaswa kushuka tumboni kinaingia mapafuni na kuleta nimonia, ambayo huua wagonjwa wengi katika wiki za mwanzo. Maji, ambayo watu huyaona hayana madhara, ni hatari kuliko uji mzito kwa sababu hukimbia kooni kabla misuli haijajikusanya. Wapo pia wasiokohoa kabisa kinapoingia njia isiyo yake, kwa hiyo "mbona hakupaliwa" si ushahidi.

Muuguzi au daktari akishampima kumeza, ndipo ale. Kabla ya hapo kisipite kitu mdomoni: si kidonge, si uji, si maji ya Zamzam wala ya upako. Midomo ilowanishwe kwa kitambaa chenye unyevu, na meno na ulimi visafishwe angalau mara mbili kwa siku, maana mate yenye bakteria nayo huteleza hadi mapafuni.

Akiruhusiwa, mkalishe wima kabisa. Wewe pia kaa, macho yenu yawe usawa mmoja. Ukimlisha umesimama atainua kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa huachwa wazi. Tumia kijiko cha chai, weka chakula upande wa mdomo wenye nguvu, subiri ameze ndipo ulete kingine. Chungulia shavu la upande uliopooza, chakula hujificha huko bila mwenyewe kujua. Akikohoa, au sauti yake ikawa ya majimaji kama mtu anayesukutua, acha na umwite muuguzi. Akimaliza abaki ameketi nusu saa au zaidi.

"Kwenye mpira wa kulishia pitisha chochote, ilimradi kimesagwa."

Uji usiochujwa huziba mpira, na mpira ukiziba hutolewa na kuingizwa upya kupitia pua, jambo ambalo mgonjwa halifurahii hata kidogo. Chuja kwa chujio la chai. Kabla ya kila mlo tazama alama ya mpira pale puani: kama imesogea, usilishe hadi muuguzi ahakikishe ncha bado iko tumboni. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Mlo wa kawaida huwa mililita 200 hadi 300, lakini fuata kiasi ulichoandikiwa, na uache ushuke wenyewe taratibu bila kusukuma kwa nguvu. Osha mpira kwa mililita 30 hivi za maji safi kabla na baada.

Vidonge ni habari nyingine. Vile vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, mfano nifedipini ya muda mrefu ambayo wagonjwa wengi wa presha wanaijua, havisagwi. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka. Uliza kila kidonge kabla hujashika kinu.

"Presha iko 190 na hawampi dawa. Wamemtelekeza."

Kama kiharusi kimetokana na damu kuganda na mgonjwa hakupewa dawa ya kuyeyusha bonge, madaktari mara nyingi huiacha presha ikae juu siku ya kwanza au mbili, hata kukaribia 220 kwa 120, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyo taabani inategemea msukumo huo kupata damu. Anayempenyezea mzee vidonge vyake vya nyumbani humpunguzia ubongo damu palepale. Kwa kiharusi cha kuvuja damu hesabu ni tofauti kabisa. Ndiyo maana hata aspirini haitolewi kwa kukisia kabla ya picha ya CT, inayoonyesha ndani ya ubongo: inayomfaa mwenye bonge inaweza kummaliza mwenye kuvuja.

"Mvute mkono, akae."

Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia. Ukimvuta mkono, au ukimnyanyua kwa kumshika makwapani, mfupa unateguka kidogo kidogo, na maumivu yake yanaweza kudumu miezi. Mgeuze kwanza alale ubavu, shusha miguu ukingoni mwa kitanda, kisha msukume kutoka nyuma ya bega na nyonga. Akiwa ameketi, mkono ule ukae juu ya mto, usining'inie.

"Kuchua kwa mafuta ya moto kunarudisha mishipa."

Kupapasa kwa upole hakuna ubaya. Kuchua kwa nguvu, hasa mguu, kuna ubaya. Mguu usiotembea hugandisha damu ndani ya mshipa, na bonge likisukumwa linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto au ukauma kuliko mwenzake, usiguswe hadi daktari auone. Joto nalo ni mtego: upande uliopooza mara nyingi hausikii, na malengelenge ya chupa ya maji ya moto huonekana asubuhi wakati ngozi imeshaiva.

Kinachorudisha nguvu ni mazoezi yanayorudiwa. Baada ya saa 24 za kwanza, hali ikitulia, mtaalamu wa mazoezi-tiba huanza na vipindi vifupi: kuketi, kufikia kikombe, kusimama. Mwombe akuonyeshe wewe pia, kwa sababu yeye atakuja mara moja na wewe upo kutwa. Mabadiliko ya haraka huonekana miezi 3 ya mwanzo; baada ya hapo mwendo hupungua, ila mlango haufungwi.

"Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino huzuia vidonda."

Hazizuii. Uzito hubaki pale pale. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani, na umgeuze kila baada ya saa 2, upande, chali, upande. Andika saa kwenye karatasi, zamu za ndugu hupishana na kila mmoja hudhani mwenzake amegeuza. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu: gusa makalio, nyonga na visigino kutafuta joto, ugumu au weusi uliozidi. Palipobadilika hapasuguliwi.

"Haongei, basi haelewi."

Wengi wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Mtu mmoja azungumze kwa wakati, sentensi fupi, swali la ndiyo au hapana, kisha mgonjwa asubiriwe ajibu. Kulia ovyo huweza kuwa jeraha la ubongo lenyewe au sonona, ambayo humpata takriban mmoja kati ya watatu na ina tiba. Wala mali na mazishi yasijadiliwe juu ya kichwa chake.

"Amepewa ruhusa na presha imeshuka, dawa basi."

Imeshuka kwa sababu anameza. Kabla ya kutoka wodini, omba kila dawa iandikwe jina, kipimo, saa na muda, pamoja na tarehe ya kliniki. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, na ndani yake hesabu ile ya mchuzi, mkate na vile vidonge vya kuungia supu.