Anayetaka kusoma nyota aanze na fizikia, na asimlipe wakala

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, ofisi yetu hapa Mbeya hupokea wazazi kutoka Tukuyu, Mbozi hadi Makambako wakiuliza kama mtoto anayetaka astronomia ni lazima aende nje ya nchi. Safari hii wamekuja na malalamiko. Wapo waliokwisha kutoa fedha kwa mawakala walioahidi nafasi ya "shahada ya anga" ughaibuni, na barua ya chuo hawajaiona.

Si lazima aende nje. Shahada ya kwanza ya fizikia, inayosomeka hapa nchini, inatosha kuwa mlango. Nyota haifikiki, kinachotufikia ni mwanga wake. Mwanga huo ukitawanywa katika rangi zake, mistari myeusi inayojitokeza hueleza nyota ina elementi (aina za atomu) gani, na mistari hiyo ikisogea kutoka mahali pake hueleza nyota inakuja au inakwenda, na kwa kasi gani. Hiyo ni optiki, yaani elimu ya mwanga, na fizikia ya atomu. Hata vimondo husomwa kwa fizikia: kimondo kilichopo Ndolezi, Mbozi, kinakadiriwa kuwa na tani 16, na takriban asilimia 90 yake ni chuma, sehemu kubwa ya kilichobaki ikiwa nikeli. Mchanganyiko huo unaashiria kwamba huenda kilitoka katika kiini cha gimba dogo la angani lililowahi kuyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha gimba likavunjika. Ukitaka kujua kiini kile kilipoa polepole kiasi gani, utahitaji hesabu za joto na kemia ya metali.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, Mbarali, kuona jua likipatwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali na dunia kiasi cha kushindwa kuliziba jua lote, likabaki na ukingo wa mwanga. Saa ya tukio ilijulikana miaka mingi kabla, kwa hesabu tu. Na bado tunaulizwa kama somo hili ni kupiga ramli! Tafadhali, tuliache hilo.

Baada ya shahada ya kwanza, uzamili wa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota na anga, upo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Afrika Kusini ina NASSP, programu ya kitaifa ya masomo ya astrofizikia na sayansi ya anga, ina darubini ya SALT kule Sutherland, na ina MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64, katika nyika ya Karoo. Data za madishi hayo huchambuliwa kwa kompyuta, kwa hiyo kijana ajifunze kuandika programu tangu mwaka wa kwanza. Asiyependa hisabati asijidanganye.

Sasa utaratibu. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na programu, yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Chuo kinaweza kudai zaidi. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, bila wakala. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba maalumu ya siri kwa simu au baruapepe aliyoombea, naye athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Ndiyo maana tunasisitiza: usiombe kwa namba ya mtu wa stesheneri. Atakayebainika kutumia cheti kisicho chake atafutiwa udahili hata akiwa mwaka wa mwisho, na suala lake linaweza kufikishwa kwenye vyombo vya sheria.

Anayekwenda nje apate kwanza hati ya kutokuwa na pingamizi (NOC) kutoka TCU, na hati hiyo huombwa akiwa na barua halisi ya udahili. Wakala anayesema NOC itafuata baadaye, usimlipe. Mzazi aliyekwisha kulipa afike ofisini na risiti au ujumbe wa muamala, jina na namba ya simu ya aliyepokea, pamoja na nakala ya chochote alichosaini. Asifute meseji hata moja.