Wakia ya dhahabu si ile unayoijua

Wiki iliyopita alikuja dukani kijana na cheni ya marehemu bibi yake. Kabla sijaiweka kwenye mzani alikuwa ameshapiga hesabu kwenye simu, na nilipomtajia bei akakunja uso. "Mzee, mbona unanipunja?"

Sikukasirika. Kazi ya usonara nimeifanya miaka mingi, na kosa lake nimelisahihisha mara nyingi sana. Alichukua bei ya wakia moja ya soko la dunia akaigawa kwa 28.35, kwa kuwa simu ilimwambia wakia ni gramu 28.35. Hiyo ni wakia ya kupimia vyakula na barua. Dhahabu ina wakia yake, ya troi, yenye gramu 31.1035. Tuseme bei ni dola 3,110 kwa wakia: ukigawa sawasawa, gramu inatoka dola 100, ukigawa alivyogawa yeye, inatoka karibu 110. Hizo dola kumi hazipo popote.

Akasahau pia karati. Mzani hauoni usafi. Unapima dhahabu pamoja na shaba na fedha iliyochanganywa nayo. Cheni yake ilikuwa gramu 20, karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ndizo dhahabu: gramu 18.33. Kwa bei ile ya mfano ni dola 1,833, wakati hesabu yake ilikuwa imefika 2,190 na ushee. (Wauza tanzanaiti wakisema karati wanazungumzia uzito, gramu 0.2. Jina moja, mambo mawili.)

Kisha kuna tola, na hapa ndipo ninapowaomba akina mama wawe makini. Tola ilitoka India. Mwaka 1833 Waingereza waliisawazisha na uzito wa rupia, na leo ni gramu 11.66. Dubai bado kuna vipande vya tola kumi, gramu 116.6. Wazee wetu wa pwani wakikwambia bangili hizi ni tola nne, wanamaanisha gramu 46 na zaidi kidogo. Lakini wapo wanaoita gramu 10 kamili tola. Kwa tola nne umeshapoteza zaidi ya gramu sita na nusu, uzito wa pete nzuri tu. Mtu akikutajia tola, mwambie akuandikie gramu.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wana pointi: pointi kumi ni gramu moja. Kwa mizigo midogo namna hiyo mzani wenyewe ndio kesi. Tazama kama una stika ya Wakala wa Vipimo. Hakikisha unasoma sifuri kabla dhahabu haijawekwa, na feni izimwe, maana upepo wa feni unatosha kuyumbisha pointi moja au mbili. Ukitaka kupimiwa mara ya pili, sema. Sonara anayechukia ombi hilo, mimi nisingemwuzia.

Yule kijana nilimpa karatasi na kalamu afanye hesabu mwenyewe, gramu kwa gramu. Alipomaliza aliniomba niipime cheni tena. Nikazima feni, nikaipima.