Kesi rejea: kinachobaki jaji akishastaafu

Siku ya kesi za ardhi, kaa kwenye benchi la nje ya Mahakama Kuu hapa Mtwara utazame mawakili wanavyopita. Kila mmoja ana bunda la karatasi, kurasa zimepakwa kalamu ya njano. Wengi tunadhani ule ni ushahidi. Mara nyingi ni hukumu za watu wengine kabisa, waliogombana mkoa wa mbali miaka mingi iliyopita. Ndani inaitwa "Koorti!", watu wanasimama, na baada ya muda utamsikia wakili akisema: "Mheshimiwa Jaji, suala hili limeshaamuliwa."

Hilo "limeshaamuliwa" ndiyo kesi rejea: uamuzi wa zamani ambao sababu yake ya kisheria inatumika kuamua mgogoro mpya unaofanana nao. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote za chini yake. Wa jaji wa Mahakama Kuu unamfunga hakimu. Jaji mwenzake anaweza kukataa kuufuata, ila hawezi kuupita kimyakimya kana kwamba haukuandikwa.

Kikatiba, jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60. Kiti anakalia mwingine. Sababu alizoandika ndizo zinazoendelea kwenda kazini.

Mzee mmoja wa Newala, tuliyekaa naye benchi moja, aliniuliza: "Mwanangu, nasikia wanataja kesi ya Wahaya. Wahaya wanatuhusu nini sisi Wamakonde?"

Alikuwa anaisemea kesi ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Mama huyo alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza, mwanamume aliweza. Jaji akasema mila hiyo inabagua, na Katiba, iliyoingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, haikubali ubaguzi huo. Mwanamke auze kwa masharti yaleyale ya mwanamume; ukoo ukiitaka ardhi, uikomboe kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake.

Kwa hiyo kilichofika Mtwara si Uhaya. Ni ile sababu: mila inayomnyima mtu haki kwa kuwa ni mwanamke haisimami mbele ya Katiba.

Lakini kesi rejea haivaliwi na kila mtu. Huku kwetu ukoo wa asili unafuata upande wa mama, mjomba ana sauti, na ugomvi wa mikorosho mara nyingi ni kati ya watoto wa marehemu na wapwa zake. Hapo anayesukumwa pembeni anaweza kuwa mtoto wa kiume. Wakili wa wapwa atasimama aseme mambo hayafanani, kesi ya Pastory ilihusu jinsia. Kazi hiyo ya kutofautisha kesi, kwangu, ndiyo nusu ya uwakili, na ndipo mtu wa kawaida anapodhani anazungushwa.

Hata uamuzi uliotenguliwa haufi wote. Mwaka 1994 Mwalusanya huyohuyo alitamka katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka 1995, lakini ikakubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha. Ilichosema ni kwamba Katiba yenyewe imeacha mwanya wa kuiruhusu. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliijadili kesi ya Mbushuu ilipoifuta adhabu ya kifo kwao.

Hukumu nyingi sasa zinapatikana bure mtandaoni, kwenye tovuti ya TanzLII, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ya Pastory iliandikwa kwa Kiingereza. Mzee akaniomba nimfasirie, nikajitahidi ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua yule mama aliuza kwa kiasi gani.

Shilingi 300,000, nikamwambia, mwaka 1988.

"Wakati ule?" Akatikisa kichwa. "Hizo zilikuwa hela."