Eti redio ya spredi spektramu haijamiki? Ngoja kwanza

Hii stori ya kwamba ukishatandaza signali yako kwenye masafa mapana ya redio (ndo hiyo spredi spektramu) basi hakuna wa kukujami, yaani kukuvuruga kwa mawimbi yake, mi nimeisikia mpaka nimechoka. Kutandaza kunampa mvurugaji kazi, hakumzuii. Angalia GPS, msimbo wake wa kiraia wa kutandaza unaenda chipu (vipande vidogo vya msimbo) 1,023,000 kwa sekunde na data yenyewe ni biti 50 tu, ukigawanya unapata faida ya kama desibeli 43, yaani signali yako inavyoinuka juu ya kelele risiva ikishaikusanya tena, si haba, ila signali imetoka zaidi ya kilomita 20,000 juu na inafika chini ya kelele za risiva yenyewe, so kimtambo kidogo cha kuvuruga kikiwa jirani kinaimeza hiyo faida yote.

Wengine wanasema dawa ni kurukaruka masafa, yaani kuhamahama chaneli haraka haraka. Wazo lenyewe ni la zamani, mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza yake Marekani mwaka 1942 ikiwa na masafa 88, na Bluetooth ya kawaida inaruka mara 1,600 kwa sekunde kwenye chaneli 79. Sawa, lakini mvurugaji wala hahitaji kukufukuza, anachafua sehemu ya chaneli tu muda wote na kila ukitua hapo data inaharibika, ndo maana lazima uweke na misimbo ya kusahihisha makosa.

Sasa dhana inayonikera zaidi: eti programu ya kutenganisha signali, ile ya kuchomoa yako kwenye mchanganyiko na ya mvurugaji, inaijua signali yako. Haijui! Ile njia ya kutenganisha kwa upofu inachojua ni kwamba vyanzo havitegemeani, basi. Tuseme una antena mbili na mvurugaji mmoja, kila antena inapokea mchanganyiko wa wote wawili ila kwa uwiano tofauti, programu inatafuta namna ya kuzijumlisha na kuzitoa mpaka yatoke matokeo mawili yasiyohusiana, lakini lipi la nani haikwambii, na ukubwa wake halisi pia haikwambii. Hapo ndo msimbo wako wa kutandaza unaokoa jahazi, unaulinganisha na kila tokeo, lile linalotoa kilele kikali ndo lako. Yaani hivi vitu viwili vinategemeana, siyo kwamba kimoja kimekuja kustaafisha kingine.

Na antena moja haitoshi, wewe na wavurugaji mkijumlishwa mkazidi idadi ya antena zako umeisha. Mvurugaji akikaa mwelekeo uleule wa mtu wako napo shida, maana antena zote zinawaona kwa uwiano uleule.

La mwisho, "programu itarekebisha yote". Hapana bana. Mvurugaji akiwa na nguvu mpaka kibadilishi cha analogi kwenda dijitali kikashiba, vilele vya wimbi vinakatwa, na kilichokatwa hakirudi hata uandike programu tamu vipi. Kila biti ya kibadilishi hicho inakupa kama desibeli 6 za nafasi kati ya signali ndogo na kubwa inazoweza kubeba, na risiva nyingi za GPS za bei rahisi zina biti 1 au 2 tu, kwa hizo mtambo wa nguvu ukiwashwa karibu huna cha kutenganisha.