Sabaki ya "kawaida" ni ya mwaka gani?

Kila ninaposhuka chini ya daraja la Mto Sabaki, karibu na Malindi kwenye pwani ya Kenya, kuteka maji ya kupima, huiacha chupa ya kwanza itulie. Baada ya muda udongo mwekundu hutuama chini, mzito kama uji, na maji ya juu huonekana masafi. Kazi yangu huanzia hapo, kwa kuwa kilichoyeyuka hakionekani kwa macho.

Mto huu huanza ukiitwa Athi, ukaitwa Galana baada ya kupokea Mto Tsavo, na huku chini Sabaki. Huko juu huingia majitaka ya Nairobi, yenye amonia na fosforasi, pamoja na uchafu ambao bakteria huula huku wakiimaliza oksijeni. Njiani bakteria wengine huigeuza amonia kuwa nitrati, na sehemu ya nitrati hupotea hewani ikiwa gesi ya naitrojeni. Kiangazi, maji yakienda polepole, mageuzi hayo hupata muda. Masika yakifurika, mengi husombwa hadi Malindi kabla hayajageuka. Ndiyo maana sikubali mto uhukumiwe kwa chupa moja.

Kwa mabadiliko ya muda mrefu inatubidi tuyatazame matumbawe. Kaskazi ikivuma, maji mekundu ya mto huelekea kusini, kwenye miamba ya hifadhi yetu ya bahari. Tope likikutana na maji ya chumvi huachia bariamu, aina ya metali, na tumbawe huipokea mahali pa kalsiamu linapojijenga, tabaka kwa tabaka, mwaka hadi mwaka; tope likizidi, bariamu nayo huzidi. Mtafiti Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi: bariamu ilianza kupanda mfululizo karibu na mwaka 1910, watu walipozidi kuongezeka na kuitumia ardhi.

Jambo hili hunishtua hadi leo. Mto ambao wazee wetu waliukuta utotoni, nasi tukauita wa asili, ulikuwa umekwisha kubadilika.

Ninalolihofia sasa ni nitrati. Maji ya mifereji yetu, na sehemu ya maji ya Mombasa, hutoka visima vya Baricho, kando ya mto huuhuu. Mchanga wa ukingoni hulizuia tope vizuri sana, lakini nitrati, ikiwa imeyeyuka, huweza kupita humo pamoja na maji. Kwa hiyo naomba maji ya mto na ya visima yapimwe pamoja, kila mwezi, kiangazi na masika.