Jua linawaka, maji bado baridi: kagua hita yako ilivyofungwa

Baridi ya Julai, Arusha au Moshi, ndiyo inayofichua kasoro za hita ya jua. Paneli ipo juu ya bati, jua la mchana limewaka, lakini maji ya alfajiri ni vuguvugu tu. Mara nyingi hita ni nzima; kasoro iko kwenye ufungaji.

Hita ya paneli bapa kwa kawaida haina pampu. Maji yakipata moto kwenye mirija ya paneli huwa mepesi, hupanda tangini, na yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Msukumo huo ni mdogo mno. Bomba la maji ya moto likifanya nundu mahali, hewa hujikusanya pale na mzunguko hukatika. Lishike mchana, kwa uangalifu: likichoma penye paneli na kuwa baridi penye tangi, kuna hewa. Bomba lipande mfululizo bila kushuka popote.

Kitako cha tangi kiwe juu ya ukingo wa juu wa paneli, angalau sentimita 30. Tangi likikaa chini zaidi, paneli ikipoa usiku mzunguko hugeuka, na joto lote la mchana hupotelea angani. Wenye nyumba wengi hulaumu mawingu kwa kosa hili.

Juni na Julai jua hupita kaskazini yetu, kwa hiyo paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 15 hivi. Ukiwa Arusha mjini, itazame Mlima Meru. Moshi mjini, itazame Kilimanjaro.

Siku za mawingu utahitaji umeme. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 55 hula karibu uniti 9, hivyo usiiache swichi wazi kutwa. Washa jioni jua likishatua, ujazie tu nyuzi zilizopungua. Ukiwasha asubuhi, tangi hujaa moto wa umeme na jua linakosa kazi.

Lile bomba dogo la kupumulia linalodondosha maji, tafadhali lisizibwe kamwe. Lita 200 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka takribani lita 3, na zikikosa pa kutokea, tangi hupasuka.