Absinti, pakanga na lawama iliyokosewa

Nimeulizwa tena: eti absinti, ile pombe kali ya kijani ya Uswisi na Ufaransa, ilikuwa ikiwatia watu wazimu kwa sababu ya thujoni, kemikali iliyomo kwenye pakanga, mmea mchungu unaotiwa humo. Si kweli. Na wanaochanganya na dawa ya malaria, artemisinini inatoka kwa Artemisia annua; pakanga ya absinti ni Artemisia absinthium. Ni ndugu, lakini kemia zao ni mbalimbali.

Thujoni ni sumu, sibishi. Huziba vipokezi vya GABA, kemikali inayoutuliza ubongo, na dozi kubwa huleta degedege. Dai la mwaka 1975 kwamba hufanya kazi kama bangi lilipimwa likaanguka.

Kinachoniudhi ni watu kusahau dozi. Karne ya 19, daktari Valentin Magnan wa Paris aliwapa wanyama mafuta ya pakanga, wakashikwa na degedege, naye akaona amepata ushahidi dhidi ya kinywaji. Mafuta yale si kinywaji! Chupa 13 za kabla ya absinti kupigwa marufuku, ambazo vipimo vyake vilichapishwa mwaka 2008, zilikuwa na wastani wa miligramu 25 hivi za thujoni kwa lita. Hata iliyozidi zote haikufika 50. Haya, piga hesabu. Mililita 30 za absinti ya wastani huo zina thujoni isiyofika miligramu moja. Ikiwa na ukali wa asilimia 70, zina mililita 21 za pombe tupu. Mnywaji atazima kwa pombe thujoni ikiwa bado haijamfanya lolote.

Agosti 1905, kule Commugny, Uswisi, Jean Lanfray alimuua mkewe mjamzito na binti zao wawili. Siku ile alikuwa amekunywa mvinyo kwa wingi, konyaki, na absinti glasi mbili. Lawama ikaangukia glasi mbili. Uswisi ikaipiga absinti marufuku mwaka 1910, Ufaransa 1915, mvinyo haukuguswa.

Shaka ninayo pia. Chupa 13 ni chache, na zilizodumu karne nzima huenda zilitoka kwa watengenezaji wazuri. Absinti ya bei ya chini, ambayo wengine waliitia mrututu, chumvi ya shaba yenye sumu, ipate rangi, ilinyweka ikaisha. Maskini wa Paris huenda walidhurika kweli, ila kwa mrututu na pombe mbovu.

Mafuta yenyewe ya pakanga ni habari nyingine kabisa. Mwenye kifafa au mjamzito asiyanywe hata tone, muuzaji aseme atakavyosema.